Wana Mwea, Tuisemee Ngurubani Mapema



Mji wetu unabadilika mbio. Uwanja wa Wang'uru ulijengwa upya na Sikukuu ya Mashujaa ya 2021 ikaadhimishwa hapo. Mwaka uliofuata Bwawa la Thiba likazinduliwa. Orofa zinapanda palipokuwa na maduka ya mabati yenye baraza. Hakuna anayelilia matope ya zamani. Ila tukinyamaza, katikati ya mji patapangwa upya bila mtu kuuliza nini kibaki.

Mimi nataka vibanda vya mchele vibaki kando ya barabara. Msafiri wa Embu au Meru huijua Ngurubani kwa harufu ya pishori. Mama huzamisha gorogoro kwenye gunia, akaijaza mpaka ikafanya kichuguu, mteja akatafuna punje mbili tatu ndipo alipe. Biashara hiyo inaishi kwa kuwa gari linaweza kusimama hapo. Ukiipandisha ghorofa ya pili ya soko jipya, umeiua, hata soko liwe zuri namna gani.

Nataka pia jengo moja la zamani liwe makumbusho ya kaunti, kazi ambayo Katiba imezikabidhi kaunti. Mifereji inayotulisha ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliowekwa kizuizini katika kambi kama Gathigiriri na Thiba. Wakulima wa hapa ndio walioasi mwaka 1998, wakakataa kuiuzia Bodi ya Taifa ya Unyunyiziaji mchele wao. Watoto wetu watayasoma wapi hayo?

Kipengele cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishwaji wa wananchi, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka tupewe nafasi ya kutoa maoni. Basi tangazo la kikao likitoka, tusiwaachie wachache wa viti vya mbele. Vyama vya akina mama, wakulima, wa bodaboda, makanisa: tuandike ombi moja. Vijana, pigeni picha za kila mtaa sasa, mkawarekodi shosho na guka wakitaja nani alikuwa na duka wapi. Mlioko Nairobi, fungueni albamu zenu, mtutumie picha.

Ombi lipelekwe kwa serikali ya kaunti likiwa na nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokewa, turudi nayo.