Fedha Haikushindwa Kufika

Ukitaja migodi ya zamani ambako kampuni ilijitengenezea vibamba vyake na kuwalipa wafanyakazi badala ya fedha, hukosi mtu wa kukwambia: "Ilibidi. Mgodi uko porini, fedha ingefikaje?" Hoja hii imenichosha, maana inamgeuza mnyonyaji kuwa msamaria.

Twende kaskazini mwa Chile, jangwa la Atacama, kulikochimbwa naitreti ya mbolea na baruti. Kila kambi ilikuwa na ficha zake, ndivyo walivyoziita: viduara vya shaba, vya mpira mgumu, hata vya kadibodi, vyenye jina la kambi na thamani yake. Ni kweli chenji ilikuwa adimu, hilo silikatai. Lakini reli ilikuwepo. Magari yaleyale ya reli yaliyoteremsha naitreti bandarini Iquique yalipanda na unga, maharage na vitambaa vya kujaza duka la kampuni. Magunia yote hayo yalipata nafasi, mfuko mmoja wa sarafu ukakosa?

Na kama shida ilikuwa chenji tu, mbona aliyetaka kubadili ficha kwa peso alikatwa sehemu ya thamani yake? Mbona wachuuzi walizuiwa kuingia kambini? Uhaba wa chenji haumfukuzi mchuuzi. Mshahara ulitoka dirisha moja la kampuni ili urudi dirisha la pili, na bei ikapangwa na kampuni ileile.

Wachimbaji walilijua hilo vizuri kuliko watetezi wa leo. Desemba 1907 maelfu waligoma wakateremka Iquique, wengi kwa miguu. Yasome madai yao taratibu. Ficha zibadilishwe kwa thamani kamili. Biashara iwe huru. Na hili ambalo huwa linanigusa kuliko yote: nje ya kila duka uwekwe mzani na kipimo cha urefu, mtu ahakikishe mwenyewe alichouziwa. Hakuna anayedai mzani kwa sababu sarafu ni adimu. Anadai mzani kwa sababu anapunjwa, na duka jingine la kwenda hana.

Tarehe 21 jeshi chini ya Jenerali Roberto Silva Renard liliwamiminia risasi kwenye shule ya Santa María walikokuwa wamekusanyika. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Mwaka 1924 sheria ya Chile iliagiza mshahara ulipwe kwa fedha halali ya nchi. Jangwa halikuwa limesogea karibu na bandari hata hatua moja.