Rafiki, umesoma nini?



Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, naye akijua kwamba siku zake zinakaribia mwisho, alimwandikia Timoteo barua ya pili. Katika sura ya mwisho anamwomba mambo machache sana: aje kabla ya majira ya baridi, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na amletee pia vitabu, hasa vile vya ngozi. Sisi wa Butembo, tunaoijua baridi ya asubuhi juu ya vilima vyetu, tunaielewa upesi habari ya joho. Habari ya vitabu tunaipita haraka. Lakini Paulo ameviomba vyote viwili katika sentensi moja, tena ameviomba kwa rafiki.

Kumwomba rafiki kitabu: hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi. Mara nyingi tunawasikia vijana wa vikundi vyetu, wanaXaveri, waskauti, waimbaji wa korali, wakisema kwamba hawasomi kwa sababu hawajui waanzie wapi. Shauri letu ni hili: waanzie kwa marafiki. Kila kikundi cha parokia kijitengenezee orodha yake ya vitabu, si kwa kunakili orodha iliyotungwa mbali na watu wasiotujua, bali kwa kuulizana sisi kwa sisi.

Kwa nini marafiki? Kwa sababu katika nchi yetu neno lenye nguvu ni lile linalotoka kinywani mwa mtu tunayemwamini. Jambo hilo tulijifunza kwa uchungu. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, ukianzia upande wa Mangina, wengi wetu hatukwenda kuwauliza waganga. Tuliwauliza rafiki zetu, nao walikuwa wamesikia kwa rafiki zao. Ikasemwa kwamba ugonjwa ni uongo; ikasemwa kwamba ni biashara ya watu fulani. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mpaka mwisho wa ugonjwa ulipotangazwa, tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Hatusemi kwamba uvumi peke yake ndio uliowaua, wala kwamba mashaka ya watu hayakuwa na chanzo. Watu wa Beni, waliokuwa wakizika ndugu zao waliochinjwa tangu mwaka 2014, walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini dunia imekuja mbio kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Tunasema tu kwamba urafiki ni barabara, na kwamba dawa na sumu hupita juu ya barabara ileile.

Hata leo, kijana anapoitwa msituni kushika silaha, mara nyingi anayemwita ni mwenzake, mtu wa rika lake, aliyecheza naye mpira. Ikiwa rafiki anaweza kumwita mwenzake msituni, basi anaweza pia kumwita mezani penye kitabu. Hapo ndipo tunapoona kwamba swali la orodha ya vitabu si swali dogo.

Kanisa linaijua njia hii tangu zamani. Mwaka 386, katika mji wa Milano, Augustino na rafiki yake Alipio walitembelewa na Mwafrika mwenzao aitwaye Ponticianus. Mgeni huyo aliona juu ya meza kitabu cha barua za Paulo, akafurahi, akaanza kuwasimulia habari za Antoni, mmonaki wa Misri, ambaye wao hawakuwa wamemsikia kamwe. Akawaeleza pia jinsi wenzake wawili, huko Trier, walivyokikuta kitabu cha maisha ya Antoni katika nyumba ndogo, wakakisoma, na maisha yao yakageuka. Siku hiyohiyo Augustino, akiwa bustanini na moyo uliochafuka, alikifungua kitabu cha Paulo na kusoma maneno yaliyomfungua. Kisha akamwonyesha Alipio mahali aliposoma, naye Alipio akaendelea kusoma mstari uliofuata na kuuchukua kuwa wake. Tuangalie mnyororo huo: Mwafrika mmoja aliishi, Mwafrika mwingine, Atanasi wa Aleksandria, aliandika, wa tatu alisimulia, wa nne akaongoka pamoja na rafiki yake. Na Mapadri Waasumpsionisti, waliofika katika nchi yetu mwaka 1929, hufuata kanuni ya Augustino huyo. Sisi wenyewe ni matunda ya mazungumzo yale ya Milano.

Basi, tuulize vipi? Tusiulize tu: «Kitabu gani ni kizuri?» Swali hilo huleta majibu ya haraka, na mara nyingine mtu hutaja kitabu ambacho hajakisoma ili asionekane mjinga. Tuulize hivi: «Kitabu gani kilikubadilisha, na kilikubadilisha nini?» Anayejibu swali hilo hutoa ushuhuda. Hawezi kukutajia jina la kitabu bila kukuonyesha kidogo moyo wake. Tena tuwe tayari kupewa tusichokiomba. Mwaka 1521 askari Inyasi wa Loyola, akiwa kitandani na mguu uliovunjwa na mzinga, aliomba hadithi za mashujaa wa vita. Nyumba ile haikuwa nazo. Akapewa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Tunajua kilichofuata.

Tumwulize nani? Hapa tunawaonya. Tukiwauliza wale tu wanaofanana nasi, orodha yetu itakuwa kioo cha kujitazamia. Tumwulize katekista mzee. Tumwulize mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa hapa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Tumwulize jirani Mprotestanti, ambaye mara nyingi anaisoma Biblia kuliko sisi. Na tusiwasahau ndugu zetu waliokimbia vijiji vyao. Katika kikao kimoja tulimwuliza msichana mkimbizi wa vita ni kitabu gani anachotupendekeza. Akasema hana kitabu. Tuliona haya, kwa maana tulikuwa tumeuliza vibaya. Tukamwuliza tena: «Dada, kule nyumbani mlikuwa na kitabu gani?» Akataja kitabu cha kusomea cha shule ya msingi, kisha akatusimulia hadithi moja ya kitabu hicho tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusita. Tulikiandika katika orodha, ingawa nakala yake hatunayo mpaka leo. Yeye naye, kama Paulo, aliviacha vitabu vyake mahali.

Kwa njia hiyo orodha yetu imeanza kujaa. Baada ya Injili ya Luka na Matendo ya Mitume, kuna Maungamo ya Augustino. Kuna Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951: mshtakiwa aitwaye Karama anasimama mbele ya wakubwa wa nchi na kujitetea kwa maneno tu, bila kumtukana mtu. Kijana aliyekipendekeza alisema kilimfundisha kwamba mtu anaweza kukataa udhalimu na bado akaulinda ulimi wake. Na kuna Entre les eaux cha Mudimbe, cha mwaka 1973, kinachosimulia habari za padri Pierre Landu, anayeiacha parokia na kujiunga na waasi msituni akitafuta haki, asiikute aliyoitafuta. Baadhi yetu waliogopa kukiweka kitabu hicho katika orodha ya parokia. Tulijadiliana sana, tukakiweka. Afadhali kijana asome habari za msitu huo akiwa kati yetu, tukazungumza naye, kuliko kuujua mwenyewe akiwa peke yake.

Wako watakaosema kwamba riwaya hazina kazi katika kikundi cha sala. Marehemu Papa Fransisko, ambaye katika ujana wake alifundisha fasihi shuleni, aliandika barua tarehe 17 mwezi wa saba mwaka 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Ndani yake anatufundisha kwamba kusoma habari za wengine hutuzoeza kusikia sauti zao na kuhurumia maumivu yao. Katika nchi ambamo tumezoea kuhesabu wafu, zoezi hilo ni la lazima.

Wengine watasema: vitabu ni ghali, nakala ni chache. Ni kweli. Ndiyo sababu katika daftari la kikundi, karibu na jina la kila kitabu, tunaandika pia jina la aliyekipendekeza, neno moja la sababu yake, na mahali nakala ilipo. Nakala moja ikipita mikononi mwa watu kumi ndani ya mwaka, hiyo ni maktaba. Lakini itapita tu ikiwa kila mmoja anairudisha. Kutorudisha kitabu cha mwenzako ni kumnyima mtu wa kumi na moja ambaye humjui. Tuliseme wazi, kwa maana ni kosa letu wenyewe: wengi wetu tuna kitabu cha mtu nyumbani.

Barua kwa Timoteo haisemi kama vitabu vilifika kabla ya Paulo kuuawa. Inatuonyesha tu kwamba mtu aliyengojea kifo bado alikuwa na jambo la kusoma, na rafiki wa kumwomba. Jumapili ijayo, baada ya Misa, kabla ya kuulizana habari za mji, tuulizane swali hili la pili.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni nani aliyekupa kitabu kilichokubadilisha? Umewahi kumshukuru?
2. Ni mtu gani katika parokia yetu ambaye bado hatujamwuliza?
3. Ni kitabu cha nani ulicho nacho nyumbani, nawe utakirudisha lini?