Chumba cha Gatongora na Simu ya Nyumbani

Ruiru ya zamani ilikuwa nchi ya kahawa. Mibuni mingi imeng'olewa, na mahali pake, Gatongora ikiwamo, yamesimama majumba ya kupangisha. Huku ukielekea Nairobi kiko Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kule Juja kiko cha Jomo Kenyatta. Hapo katikati wamepanga wanafunzi wengi, na wana wetu wa pwani wamo.

Kijana huyo akipiga simu nyumbani huulizwa nini? "Mtihani vipi? Umekuwa wa ngapi?" (Kana kwamba chuo kikuu chapanga watu safu kama skuli ya msingi!) Ni nadra kuulizwa Ramadhani hufuturu na nani, au akishikwa na homa ni nani atakayemgongea mlango. Hayo twayahesabu anasa. Furaha ingoje shahada. Sisi hatukubali. Miaka minne ni kipande cha umri wa mtu, na mwenye moyo mzito husoma ukurasa mmoja mara tatu asijue asomalo.

Hatusemi haya kumtetea mvivu. Wako pia wanaoita ulevi furaha, na hao karo ya wazazi yawapotea bure. Tunayemsemea ni yule mwenye bidii, anayejifungia chumbani kwa hofu ya kutuaibisha.

Na tumkumbuke marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, 1933. Mtihani wa Cambridge ulimpa daraja la tatu, akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Leo wangapi kati yetu wangalimvunja kwa lawama? Baadaye alipata nafasi Manchester, akahitimu 1960, na Oxford ikampa udaktari 1966. Mwaka 2003 karani huyo aliteuliwa kuwa Chansela wa Chuo cha Jomo Kenyatta, pale pale Juja. Hatutaki kila mwana aambiwe awe Mazrui. Huo nao ni mzigo. Twamtaja kwa kuwa karatasi moja haikummaliza.

Basi enyi wazazi wa Mvita, Lamu na Malindi, juma hili pigeni simu moja isiyo na neno la mtihani. Muulizeni mwana amekula nini, jirani yake ni nani, Ijumaa huswali msikiti gani. Kisha nyamazeni, mumsikilize.