Majivu yanasaidia choo, lakini si wakati wa ugonjwa

Wakaaji wa Beni na Butembo, na ninyi jamaa mliokimbia vita na kupokelewa katika nyumba za wengine: kusafisha choo hakungojei pesa. Majivu ya makala, yakiisha kupoa, tuyamwage kila jioni katika shimo. Harufu na nzi vinapungua. Sakafu ya simenti tuisugue kwa majivu na sabuni. Ndimu inatoa alama za njano.

Lakini nyumbani kukiwa mtu anayehara ao kutapika, majivu hayatoshi. Ebola, iliyotangazwa huku kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020, ilituzoeza maji ya klorini kwenye kila mlango. Mgonjwa akiwapo, turudie klorini.

Linaloniogopesha ni kuchanganya ndimu ao siki na javeli, eti nguvu iongezeke. Inatoka hewa ya sumu inayochoma kifua, na vyoo vyetu vingi havina hata dirisha. Tutumie kimoja tu, tukisha tumwage maji mengi.

Na wenye nyumba, tafadhali: choo kikitumiwa na jamaa tatu, zamu ya kukisafisha isiachiwe wahamiaji peke yao.