Matembezi ya Kando ya Mto



Watu wengi hudhani ya kuwa matembezi mepesi hayana haja ya kupangwa. Arusi hupangwa, safari ya mbali hupangwa, hata kuhama nyumba hupangwa. Ama kutembea kando ya mto, wasema, ni kuvaa viatu na kutoka. Sisi hatuoni hivyo. Njia ile ile iliyo mchezo kwa kijana wa miaka 20 huwa ni adhabu kwa mtoto wa miaka 5 na kwa bibi yake mwenye maumivu ya magoti. Kwa hivyo mwenye kupanga na awaangalie watu wawili: yule aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, na yule asiyekuwamo msafarani kabisa, naye ni mwenye kunywa maji ya mto huo huko chini uendako.

Na tutoe mfano wa mahali panapojulikana. Katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, upo mto Zigi, ushukao kutoka milima ya Usambara Mashariki. Sehemu kubwa ya msitu wa huko imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka wa 1997, nayo ina hekta 8,380. Mahali paitwapo Zigi, penye lango la kuingilia, ipo nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ambayo Wajerumani waliijenga kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza ili kuteremshia mbao. Reli haipo tena, lakini nyumba imebaki, na wageni hupewa habari za msitu hapo. Ziko njia za miguu zipitazo karibu na mto, na nyingine zipandazo mlimani. Mto wenyewe huteremka hata ukafika bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yaletwayo katika mifereji ya mji wa Tanga. Basi wako watu wengi mjini humo wanywao maji ya Zigi kila siku, wala hawajapata kuuona.

Jambo la kwanza la kupanga ni wakati. Masika, yaani Machi mpaka Mei, njia huteleza, na barabara ya udongo ya kutoka Muheza huwa nzito kwa gari. Miezi iliyo bora ni Januari na Februari, na tena Juni mpaka Septemba. Hata hivyo mvua ya milimani haina miadi na mtu. Tena yafaa ijulikane ya kuwa mto waweza kujaa hali juu ya vichwa vyenu ni jua tupu, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani msikokuona. Mkiona maji yamegeuka rangi yakawa ya udongo, yakichukua majani na vijiti, na sauti yake ikazidi, ondokeni ukingoni mara moja mpande juu, wala msingoje kukusanya vyombo. Kwa ajili hiyo haifai kutandika mkeka juu ya majabali yaliyo katikati ya mto, ijapokuwa ndipo pazuri kuliko pote.

Jambo la pili ni urefu wa njia. Mtu mzima mwenye afya, katika barabara iliyo sawa, huenda kilomita 4 au 5 kwa saa moja. Msituni, penye mizizi na mawe, pamoja na watoto, hesabuni kilomita 2 tu. Basi njia ya kilomita 3, kwenda na kurudi, ni saa moja na nusu. Ongezeni saa nzima ya kupumzika na ya watoto kuwatazama mbega mitini. Mkianza saa 2 na nusu asubuhi mtakuwa mmerudi langoni saa 5, kabla ya jua kali, na mna wasaa wa kujitayarisha kwa sala ya adhuhuri bila ya kukimbizana. Msiianze njia ya msituni alasiri, kwani chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko mjini. Aliye dhaifu na atangulizwe mbele pamoja na kiongozi, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote. Akiwekwa nyuma atakuwa kila mara akiwafikia wenziwe ndipo wao wanainuka kuendelea. Wao watakuwa wamepumzika, naye hakupumzika.

Jambo la tatu ni vitu vya kuchukua. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili zaachwa nyumbani. Nguo ndefu ikunjwe au ifungwe isiburure, kwani upindo ukinaswa na mzizi humwangusha mtu. Kila mmoja awe na lita moja ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, maana maji ya mto, hata yakiwa maangavu kama kioo, hayanyweki hivi hivi. Mahali yalipotuama au yaendapo polepole huenda pakawa na konokono wachukuao kichocho, basi watoto wasioge humo. Chakula kiwe chepesi: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, maandazi. Mifuko ya plastiki imekatazwa Tanzania tangu mwaka wa 2019, kwa hivyo tumieni kikapu, na maganda yote yarudi nyumbani katika kikapu hicho hicho. Mkubwa mmoja aachiwe nyumbani habari ya njia mnayoiendea na saa ya kurudi. Ada ya kiingilio na ya kiongozi iulizwe kabla ya kuondoka.

Jambo la nne, na ndilo kubwa kwetu, ni haki ya yule aliye chini ya mto. Katika vitabu vya mwanzo vya fiqhi watoto wetu husoma ya kuwa haifai mtu kujisaidia katika maji, wala njiani, wala kivulini watu wanapopumzikia. Huyasoma hayo wakiwa wamekaa juu ya mkeka, na wengi huyahifadhi kwa ajili ya mtihani. Kando ya mto ndipo yanapopata maana, kwani hapo maji, njia na kivuli vipo mahali pamoja. Basi mwenye haja na aende mbali na ukingo, achimbe na afukie. Mwenye kutia udhu na ateke kwa kopo, atumie kwa kiasi, na sabuni isiingie mtoni.

Mnamo mwaka wa 2003 watu walivivamia vijito vya Usambara Mashariki kutafuta dhahabu. Kingo zilichimbuliwa na maji yakachafuka kwa matope. Hapana mmoja katika wale aliyekusudia kumdhuru mama wa Tanga ajazaye mtungi wake. Hawakumfikiri tu. Nasi tuendao kwa mapumziko hatuchimbi dhahabu, lakini chupa moja, nguo moja ya mtoto iliyosuuzwa, familia mia katika mwaka, mwisho wake huonekana.

Basi kabla ya kuondoka waketisheni watoto muwaonyeshe katika ramani mahali mto uanziapo na mahali uishiapo. Kisha mpeni kila mmoja kazi yake: mmoja wa kikapu cha maganda, mmoja wa kopo, mmoja wa kumshika bibi mkono. Mtoto aliyepewa amana ndogo kama hiyo akirudi Tanga akafungua mfereji, atajua maji yametoka wapi, na huenda akaufunga vizuri zaidi kuliko jana.

Wabillahi ttawfiq.