Mchele wa Kamanyola si mali ya kigeni



Mwisho wa juma pale Flagey, soko likianza kukunjwa na watu wakingoja basi la 71 kurudi Matonge, mabishano yetu huishia pale pale: mpaka wa Rwanda. Mmoja atasema Kigali inatunyonya. Mwingine atajibu kwamba bila lami ya Rwanda tusingefika hata kwenye matanga Uvira. Wote wawili wanaondoka wameridhika, na jambo lenyewe hakuna aliyeligusa. Leo naomba tuliguse, hata kama wengine watanuna.

Kutoka Bukavu kwenda Uvira tunayo barabara yetu ya taifa namba 5, inayopita Nyangezi na kushuka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola. Aliyewahi kuipita wakati wa mvua anajua kwa nini madereva wanaikimbia. Kwa hiyo kwa miaka mingi gari limekuwa likivuka mto Ruzizi pale Bukavu, linaingia Rwanda, linateremka hadi Bugarama, kisha linavuka mto tena na kurudi Kongo pale Kamanyola. Abiria hakubadili nchi wala mkoa. Ametoka Kivu ya Kusini, amefika Kivu ya Kusini. Lakini njiani amepita meza nne za forodha: kutoka kwetu, kuingia kwao, kutoka kwao, kuingia kwetu. Wale wa uhamiaji bado hatujawahesabu.

Sasa pakia gunia la mchele. Umelimwa katika bonde la Ruzizi, umekobolewa huko huko, unapanda kwenda kuuzwa Bukavu. Au pakia godoro na friji ya mwalimu aliyehamishiwa Uvira. Vitu hivyo ni mali ya nchi gani? Ofisa wa Rwanda atasema vimetoka Kongo. Ofisa wetu atasema vimetoka Rwanda, maana ameviona kwa macho yake vikitoka Rwanda! Hivyo ndivyo mchele wa Kongo unavyofika mlangoni kwao ukiwa mgeni, na mwenye gunia anaanza kubembeleza.

Wengi watasema: ni Rwanda hiyo. Hapana, ndugu zangu. Kuhusu Rwanda sheria ya kimataifa iko wazi. Kifungu cha 5 cha mkataba wa biashara wa GATT kinasema mali inayopita tu, ikiwa imeanza safari nje ya nchi na itaimaliza nje ya nchi hiyo, isitozwe ushuru wa forodha. Kinachoruhusiwa ni malipo ya huduma na ya usafirishaji, tena yalingane na gharama. Rwanda ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1996, sisi tangu 1997. Akitoza zaidi, tunayo mahali pa kumshitaki. Lakini hakuna mkataba duniani unaoweza kumwamuru Mnyarwanda athibitishe kwamba mchele wetu ni wetu. Kazi hiyo ni ya Leta yetu. Na hakuna anayeweza kumzuia ofisa wa Kongo asimtoze Mkongomani kwa mali ya Kongo, isipokuwa Kinshasa.

Angalia aibu hii. Kila mama anayepandisha ndakala za Uvira anaijua sheria ya Rwanda inayokataza mifuko ya plastiki. Anapanga mzigo wake upya kabla ya kufika Bugarama, hahitaji kuambiwa. Mwulize sasa sheria ya nchi yake inasema nini juu ya ndakala zenyewe atakapofika upande wa Bukavu. Atakwambia inategemea nani yuko zamu.

Watu wa duane nao wana hoja, nami siwezi kuificha. Wanasema tukiachia kila gunia linalodai kutoka Kamanyola, kesho mchele wote wa Asia ulioshuka Dar es Salaam utazaliwa Kamanyola. Kweli, utazaliwa. Wafanyabiashara wetu tunawajua. Lakini dawa ya udanganyifu huo ilipatikana zamani, na wala haihitaji kompyuta: mali inaandikwa inapotoka, mzigo unafungwa kwa risasi ya forodha, unahesabiwa unapoingia tena. Kwa mama mwenye beseni mbili, karatasi moja yenye muhuri wa kituo alichotokea inatosha. Risasi ikiwa nzima na hesabu ikilingana, mali haikubadili uraia.

Sisi tunaoishi huku hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Baarle-Hertog ni Ubelgiji, lakini imekatwa vipande zaidi ya ishirini, vingi vimezungukwa na Uholanzi pande zote. Siagi ya Turnhout haiwezi kufika kwenye vipande hivyo bila kukanyaga ardhi ya Mholanzi. Pale magendo ya siagi yalivuma sana zamani, kwa hiyo msiniambie Wazungu ni malaika. Mali ya Italia inayokwenda Ujerumani kupitia Uswisi, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya, husafiri kwa hati iitwayo T2, chini ya mkataba wa 1987, na inafika ikiwa bado mali ya Umoja. Hata katika uhasama: Juni 2022 Lithuania ilipozuia baadhi ya mali za Urusi zinazokwenda Kaliningrad, ni hapa Brussels, mwendo wa mguu kutoka Flagey, ambapo Tume ya Ulaya ilitoa maelezo mwezi uliofuata kwamba njia ya reli isifungwe kwa mali za kiraia. Vita vya Ukraine vilikuwa vinawaka, lakini kanuni iliandikwa.

Na uwanja wa Flagey wenyewe ulichimbwa miaka mingi kujenga bwawa la maji ya mvua chini ya ardhi, hadi ulipofunguliwa 2008. Tulizunguka, tulilalamika, tulichafua viatu. Hakuna aliyetuambia tuzungukie Uholanzi. Ngomo imetuzungusha nje ya nchi kwa miaka na miaka, nasi tukaona ni kawaida. Machi 2020 Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa ajili ya korona ndipo tulipokumbuka kwamba njia yetu haikuwa yetu.

Kinshasa inajua kuandika. Dekreti ya 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, uhamiaji, OCC na afya. Aliyepita Ruzizi baada ya hapo alihesabu ngapi? Sheria ya forodha ya 20 Agosti 2010 inautambua usafirishaji wa mali zinazopita. Tatizo ni kwamba kila meza ya ziada ni chakula cha mtu, na mtu huyo ana mkubwa wake Bukavu, naye mkubwa ana wake Kinshasa. Tukisema Rwanda, Rwanda, hao wanacheka.

Najua mtaniuliza kanuni gani, wakati Bukavu ilichukuliwa na M23 Februari 2025. Nami nawauliza: tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili walitia saini Washington, pamoja na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi. Siku chache baadaye vita vikaingia Uvira. Katika mpango huo madini yamo, umeme umo. Ikiwa watu wanaopigana wanaweza kuzungumzia madini, hawashindwi kuzungumzia gunia la mchele. Mjumbe wa Serikali akija tena Brussels kukutana nasi, kabla hajaanza hotuba yake ya uzalendo aulizwe kwanza ni ofisi gani itaandika karatasi ya gunia hilo, na itabandikwa lini ukutani pale Kamanyola, kwa Kiswahili, ikiwa na bei ya muhuri juu yake.