Tuchangie na masomo, siyo harusi tu
Mwandishi, makala yako ya ufadhili wa masomo ya nje imeruka gharama zinazoutangulia. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipa ada, tiketi na posho, kwa sharti la uzoefu wa kazi wa miaka 2 na kurudi nyumbani ukimaliza. Lakini pasipoti na mtihani wa Kiingereza ni mfuko wako. Mdogo wangu aliishia hapo. Kuchangia safari si jambo geni huku kwetu: Wameru walichangishana, Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952 kudai ardhi yao ya Engare Nanyuki. Leo hapa Usa River simu zetu zimejaa kadi za harusi. Ya kijana aliyepata chuo nje sijaiona hata moja. Na asiyeweza kusafiri asikate tamaa: Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanafundisha hadi uzamivu.